Fumbo la katuni halikuwa staha

Ndugu Mhariri,

Katika mjadala wa katuni za mashujaa wa Marekani, baadhi ya wasomaji wanasema waandishi wa zamani walikuwa na staha: uhusiano wa jinsia moja, kama ulikuwapo, ulibaki fumboni. Vijana wengi hapa Dodoma wanasoma vitabu hivyo kwenye simu, kwa hiyo ni vyema historia yake ikae sawa.

Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu akidai maisha ya nyumbani ya Batman na Robin yanafanana na ndoto ya wapenzi wa jinsia moja. Mwaka huohuo wachapishaji wakajiwekea kanuni, Comics Code, iliyopiga marufuku mambo hayo na hata kuyadokeza. Kudokeza, Mhariri! Na kitabu kisicho na muhuri wa kanuni wasambazaji wengi hawakukigusa. Kipengele hicho kilidumu hadi 1989.

Chini ya kanuni hiyo fumbo likazama zaidi. Mwandishi Chris Claremont wa katuni za X-Men aliwaweka wanawake wawili, Mystique na Destiny, nyumba moja, wakamlea msichana Rogue, lakini neno la mapenzi halikutamkwa. Mwaka 1990 Destiny akaitwa "leman" wa Mystique, Kiingereza cha kale chenye maana ya mpenzi. Asiye na kamusi alipita tu. Busu lao ndani ya fremu tulilisubiri hadi 2019.

Mwenye kuvaa kanga ya mafumbo huchagua mwenyewe maneno, na akiulizwa hukana mwenyewe. Kwenye katuni hizi mwenye uwezo wa kukana alikuwa mchapishaji, na mwandishi hakuulizwa.

Hata hivyo, kusema wazi nako kunaweza kuharibika. Shujaa wa kiume Northstar alitamka kwamba anapenda wanaume katika katuni ya Alpha Flight namba 106, mwaka 1992, tena katikati ya ugomvi, kisha miaka ikapita jambo hilo likiguswa kwa nadra. Ndoa yake ilikuja 2012. Shujaa wa kike Batwoman alitambulishwa wazi kuwa anapenda wanawake mwaka 2006, ila 2013 waandishi wake waliondoka baada ya kuzuiwa wasimwozeshe.

Kipimo ninachopendekeza ni hiki: futa ile kauli moja ya kujitambulisha, kisha soma tena. Kama hadithi haijatikisika, kauli ilikuwa kibandiko tu, na hapo Northstar wa 1992 anaanguka. Apollo na Midnighter, mashujaa wawili wanaume wapenzi waliotokea 1998, hawaanguki. Mmoja akijeruhiwa, mwenzake anapigana kwa namna nyingine kabisa, na huwezi kulieleza hilo ukiwaita marafiki.

Mchapishaji Marvel aliiacha Comics Code mwaka 2001, wenzake DC na Archie wakafuata 2011. Anayetaka mafumbo yarudi atuambie kwanza anamaanisha ya mwandishi au ya muhuri.

Msomaji wa katuni,
Area C, Dodoma