Bingwa wa Countdown na sekunde zake 30

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu mabingwa wa michezo ya herufi na namba kwenye televisheni. Kila video za michuano hiyo zinapozunguka kwenye simu zetu, maelezo ni yale yale: "kichwa cha kompyuta", "mtoto wa ajabu". Sifa hizo zinawadhulumu vijana wetu, maana aliyeambiwa kwamba jambo ni muujiza hatalijaribu. Kazi ya mabingwa hawa inafundishika, na inaelezeka hatua kwa hatua hapa hapa gazetini.

Nizungumzie Countdown, kipindi cha michezo hiyo cha Uingereza. Asili yake ni Ufaransa, kwa mtayarishaji wa televisheni Armand Jammot, ambaye kipindi chake kilianza mwaka 1965 na baadaye kikaitwa Des chiffres et des lettres. Waingereza wakakichukua, na tarehe 2 Novemba 1982 kikawa kipindi cha kwanza kabisa kurushwa na Channel 4, siku yenyewe kituo hicho kilipofunguliwa. Hadi leo kiko hewani.

Mchuano mmoja una raundi 15: za herufi 10, za namba 4, na fumbo moja la kumalizia. Mshindi hubaki kitini kumsubiri mpinzani mpya. Akifikisha ushindi mara 8 hupumzishwa, kisha huitwa tena mwisho wa msimu, pale wanane bora wanapokutana kwa mtoano. Vipindi kadhaa hurekodiwa siku moja, kwa hiyo bingwa hupambana pia na uchovu wake mwenyewe, jambo ambalo mtazamaji wa nyumbani halioni.

Nianze na namba, kwa sababu hapo ndipo watu hudhani pana uchawi. Vibao vya namba ni 24. Vinne ni vikubwa: 25, 50, 75 na 100. Ishirini ni vidogo, yaani 1 hadi 10, kila namba mara mbili. Mshiriki huchukua vibao 6 bila kuviona, akisema tu anataka vikubwa vingapi. Mashine hutoa lengo la tarakimu tatu. Ndani ya sekunde 30 inabidi alifikie kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, kila kibao kikitumika mara moja tu, bila kupitia namba yenye sehemu wala namba hasi. Halazimiki kuvimaliza vyote. Akilipata lengo lenyewe ana alama 10. Akikosea kwa 1 hadi 5 ana 7. Kwa 6 hadi 10 ana 5. Anayelipwa ni aliyekaribia zaidi, na wakilingana wote wawili hulipwa.

Mgeni wa mchezo huzidisha kwanza, kisha huanza kuhangaika na pengo. Tuseme lengo ni 618 na mkononi ana 100, 6 na 3 pamoja na vingine. Atazidisha 100 kwa 6, atapata 600, halafu atatafuta 18 kwa vibao vilivyobaki mpaka saa imwishie. Mzoefu huigawa ile 18 kwa 6 kichwani, anaona inatoka 3, basi anaitia 3 mapema: 100 + 3 = 103, mara 6 ni 618. Kibao kidogo kikiingia kabla ya kuzidisha kinafanya kazi ya kikubwa. Anayejizoeza jambo hili moja kwa wiki mbili atapunguza makosa yake ya raundi za namba kuliko kwa mbinu nyingine yoyote ninayoijua.

La pili ni jedwali la 75. Shuleni tunaishia 12, na wengi hawajawahi kukariri 75, 150, 225, 300, 375, 450, 525, 600, 675, 750, 825, 900. Bingwa anazijua kama jina la mama yake. Akiona lengo 813 na vibao 75, 10, 8, 4, 3, 1, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye 825: 10 + 1 ni 11, mara 75 ni 825, na 3 × 4 ni 12 ya kutoa. Kibao cha 8 kinabaki mezani, wala hakina kazi.

Halafu kuna wanaoomba vikubwa vyote vinne. Kwa asiyejiandaa hilo ni balaa, kwa aliyejiandaa ni silaha. Chukua 100 ÷ 25 = 4, na 75 × 50 = 3,750. Ukigawanya 3,750 kwa 4 unapata 937 na nusu, jambo lisiloruhusiwa. Lakini ukiijumlishia kwanza kibao cha 6 unapata 3,756, na hiyo kwa 4 ni 939 kamili. Mwaka 1997 mshiriki James Martin alipata 25, 50, 75, 100, 3 na 6, lengo 952. Alijumlisha 100 na 6, akazidisha kwa 3 akapata 318, akazidisha kwa 75 akapata 23,850, akatoa 50, akagawanya kwa 25. Jibu 952. Video hiyo imetazamwa dunia nzima, na ndiyo inayoitwa muujiza. Sasa itazameni tena. Kugawanya kwa 25 mwishoni kumeifanya 75 kuwa 3 na 50 kuwa 2. Alichokifanya ni 106 × 3 × 3, yaani 954, kasoro 2. Mtoto wa darasa la sita anaiweza hesabu hiyo akishaonyeshwa kwamba vibao vikubwa vyote ni vigawe vya 25. Kuona njia ndani ya sekunde 30 ndiko kugumu, na kuona huko huja kwa mazoezi.

Makosa ya kawaida ya namba ni mawili, na yote ni ya karatasi: kutumia kibao kimoja mara mbili bila kujua, na kutangaza jibu ambalo njia yake haikuandikwa. Dawa ni kukata kila kibao kwa mstari mara tu kinapotumika.

Upande wa herufi, vibao vimepangwa mafungu mawili yaliyofunikwa, irabu na konsonanti. Mshiriki huita moja moja hadi zitimie 9, irabu zisipungue 3 na konsonanti zisipungue 4. Kila herufi ya neno ni alama moja, isipokuwa neno la herufi 9, ambalo hulipwa 18. Mwenye neno refu ndiye anayelipwa. Majina ya pekee na maneno yenye kistari hayakubaliwi. Mwamuzi ni kamusi, na kwenye kona ya kamusi mtaalamu wa maneno Susie Dent amekaa tangu 1992.

Bingwa hasubiri neno limjie. Kwanza anatenga viambishi vya Kiingereza: -ING, -ED, -ER, -IEST, RE-, OUT-, na S ya wingi. Anavisogeza pembeni kisha anatafuta shina katika herufi zilizobaki. Pili, amekariri mafungu. Chukua herufi sita za neno SATIRE. Zikikutana na N utapata NASTIER na RETAINS. Zikikutana na P, PIRATES na PARTIES. Na L, REALIST. Na W, WAITERS. Na F, FAIREST. Na H, HASTIER. Shina moja limezaa maneno ya herufi saba kwa karibu kila herufi inayofuata. Wenye bidii hukariri kwa kupanga herufi kialfabeti: AEINORST ni NOTARIES na pia SENORITA. Wachezaji wa Scrabble wa Nairobi, jiji lililoandaa mashindano ya dunia ya mchezo huo mwaka 2017, wanaifahamu njia hii vizuri.

Kuna hesabu nyingine ambayo watazamaji hawaioni, nayo ni ya kuthubutu. Aliyeita herufi hutangaza kwanza urefu wa neno lake. Tuseme mpinzani ametangaza 7, nawe una neno la 7 la uhakika na la 8 lenye shaka. Ukitangaza 7 mnalipwa wote, tofauti haibadiliki. Ukitangaza 8 na likakubaliwa, unamwacha kwa alama 8. Likikataliwa anakuacha kwa 7. Kwa hiyo thubutu hata ukiwa na uhakika wa nusu tu. Lakini mpinzani akiwa ametangaza 6, hesabu inageuka: 7 yako ya uhakika tayari inakupa alama 7 za bure. Kuiacha kwa ajili ya 8 kunalipa tu pale unapokuwa na uhakika wa mara 13 katika 14. Wanaoanza huthubutu hapa na kuogopa kule, kinyume kabisa. Na ukishatangaza urefu umefungwa nao: neno likikataliwa hulipwi hata kwa lile fupi uliloliandika.

Fumbo ni herufi 9 zilizochanganywa, jibu ni neno moja, anayebonyeza kwanza hujibu, alama 10. Kila mmoja ana nafasi moja tu. Waandaaji hupanga herufi zifanane na maneno mengine ili zikupoteze, hivyo mzoefu huziandika upya kwa duara kwenye karatasi kabla ya kuzifikiria.

Ukijumlisha yote hayo utaona alama za bingwa zinatoka wapi. Namba nne bila kosa ni 40, fumbo ni 10, na raundi kumi za herufi kwa wastani wa maneno ya herufi 7 ni 70. Jumla 120. Julian Fell alipopata 146 mwaka 2002, ilikuwa rekodi ya wakati huo, na kwa mpangilio wa zamani wa raundi 11 za herufi na 3 za namba. Hata akiwa hakukosa namba wala fumbo, bado alihitaji 106 kwenye herufi, jambo lisilowezekana bila maneno kadhaa ya alama 18. Conor Travers alikuwa bingwa wa msimu akiwa na miaka 14, kisha mwaka 2013 akashinda mashindano ya kuadhimisha miaka 30 ya kipindi. Miaka 14 ni umri wa mwanafunzi wa shule.

Sasa nije kwetu, Mhariri. Yapo mazungumzo ya mara kwa mara kwamba vituo vyetu vya televisheni vianzishe mchezo kama huu kwa Kiswahili. Natamani sana iwe hivyo, lakini wasinakili kanuni za herufi kama zilivyo. Wafaransa na Waingereza kila mmoja alipanga herufi kwa lugha yake. Wafaransa walifika hadi kutumia herufi 10.

Maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo irabu 3 katika herufi 9 ni njaa tupu. Tazama "mapinduzi": herufi 9, irabu 4. "Utaratibu" na "kielelezo": herufi 9 kila moja, irabu 5. Kanuni yetu iwe irabu zisipungue 4, na kibao cha A kiwe kingi kuliko vyote. Q na X zitolewe. C haisimami peke yake katika Kiswahili sanifu, basi CH iwe kibao kimoja, na NG' vivyo hivyo. SH, TH na DH zinaweza kuundwa kwa vibao viwili.

Tatizo kubwa ni kitenzi. "Pika" ina herufi 4. Ukiiwekea ni- na -ta- mbele na kauli ya kutendea nyuma unapata "nitapikia", herufi 9 kamili, alama 18 kwa kitu anachokisema mtoto wa darasa la pili jikoni kwao. Mchezo utakufa wiki ya kwanza. Viambishi vya nafsi na njeo vipigwe marufuku, pamoja na ku- ya kitenzi-jina, maana nayo huongeza herufi mbili za bure kwa kila kitenzi. Minyambuliko ikubaliwe pale tu kamusi inapoitaja, na wingi wa nomino ukubaliwe kwa sababu kamusi huuonyesha. Kamusi yenyewe itajwe kabla ya kipindi cha kwanza, iwe Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA au Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, wala zisitumike zote mbili, kwani hazilingani na ugomvi hautaisha.

Namba hazina shida hiyo. Zinaweza kuchukuliwa jinsi zilivyo kesho asubuhi, na gazeti lako linaweza kutangulia kabla ya televisheni yoyote. Kona ndogo ya Jumamosi inatosha: vibao sita na lengo moja, jibu toleo linalofuata. Natoa la kwanza. Vibao ni 100, 50, 9, 7, 4 na 2. Lengo ni 865.

Wako,
Mpenzi wa chemshabongo,
Mombasa