Mafuta ya mchaichai hayatoshi kuzuia mbu

Ndugu Mhariri,

Hapa Tanga vichupa vya mafuta ya mchaichai na karafuu vinauzwa kwa maneno kwamba ni vya asili, kwa hiyo havina madhara. Kwamba hufukuza mbu si uongo. Ila mafuta hayo hugeuka mvuke upesi, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili, ilhali mbu aenezaye malaria huuma usiku, watu wakiwa usingizini. Tena mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa huchoma ngozi, na ya mkaratusi, mtoto akiyanywa hata kidogo, yaweza kumtia degedege. Kichupa nilichonunua juzi hakikuwa na kipimo wala onyo, ila picha ya jani tu. Wauzaji walazimishwe kuandika vyote viwili, na chandarua chenye dawa kisiondolewe kitandani.

Msomaji wenu,
Tanga