Barua ya wazi kwa watoto wa marehemu rafiki yangu, kuelekea arobaini

Wanangu,

Nimeletewa rasimu ya wasifu wa baba yenu mnaotarajia kuusoma siku ya arobaini. Kwa kuwa nilifanya naye kazi tangu ujana, na waliokuwa juu yetu karibu wote wamekwisha kututangulia, sina budi kuwaambia kwamba mmetaja vyeo vyake vyote na kumwacha yeye mwenyewe nje.

Mmeandika kwamba alistaafu akiwa meneja katika Shirika la Bima la Taifa. Ni kweli, ila vijana waliozoea kuchagua kampuni hawataujua uzito wake. Tangu serikali ilipotaifisha biashara ya bima Tanzania Bara mwaka 1967, aliyetaka bima hakuwa na pengine pa kwenda, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi. Katika miaka hiyo, mtu aliyekalia meza ya madai angeweza kumzungusha mjane mwaka mzima wala asipoteze mteja hata mmoja. Baba yenu hakuthubutu. Andikeni hilo. Andikeni kwamba kabla mteja hajatia sahihi alimtaka asome kwa sauti vipengele vya yale yasiyolipwa, naye akiwa na penseli nyekundu mkononi, akipigia mstari kila mahali mteja alipokwama. Mawakala walinung'unika sana, maana wateja wengine walighairi palepale na kamisheni ikaota mbawa. Andikeni pia kwamba aliyakataa madai ya uongo hata yalipoletwa na shemeji yake. (Najua hilo litawagusa baadhi yenu, lakini mwenyewe alikuwa akilisimulia kwa kicheko.)

Kuhusu nyumbani, mmeandika "alikuwa baba mwema", maneno yanayosomwa katika kila msiba. Semeni basi jinsi alivyowaketisha mkekani kila mwisho wa mwezi mkapiga naye hesabu za unga, sukari na ada za shule, na mama yenu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Rasimu yenu imemtaja mama mara moja tu, tena kama mjane. Mpeni nafasi azungumze mwenyewe.

Jambo la mwisho halihusu wasifu. Baba yenu alikuwa na bima ya maisha, na hati yake imo kabatini pamoja na vyeti vya shule vyenu. Itoeni sasa, ombeni cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na mnufaika atakayeonekana humo, awe nani, asivutwe shati na mtu. Mali nyingine ngojeni kikao cha ukoo kimpendekeze msimamizi wa mirathi, ndipo mwende mahakamani na muhtasari wa kikao hicho. Mama asizungushwe dirisha hadi dirisha. Mmoja wenu aombe ruhusa kazini na kufuatilia kwa niaba yake.

Wenu,
Mzee mwenziwe baba yenu