Barua ya Kufunga Muhula wa Tatu

Wapendwa wazazi na walezi,

Salaamu kutoka shuleni. Mitihani ya kitaifa imekwisha salama, matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, yatatoka mwakani, na ripoti za madarasa mengine zimo ndani ya bahasha hii. Zisomeni.

Habari kubwa ya muhula huu ni ya Septemba. Watu wa benki ya damu walipokuja, nilidhani watajitokeza wachache na wengine watajificha mabwenini kwa kuogopa sindano. Foleni ilitoka bwaloni ikazunguka hadi jikoni! Wa kidato cha tano na cha sita waliofikisha miaka 17 walijipanga bila kusukumwa na mwalimu, na waliokataliwa kwa uzito mdogo walirudi darasani wakinung'unika. Mmoja aliniuliza ale posho, yaani ugali, kiasi gani ili wamkubali safari ijayo.

Mtoaji mmoja hutoa kama mililita 450. Damu hiyo huenda kwa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, au kwa mama aliyevuja sana akijifungua. Huenda ni mjukuu wako, mzee wangu unayeshinda steji ya boda boda hapa Busia ukisema vijana wa leo hawana faida. Nusu hivi ya watu wa Uganda hawajafika miaka 18. Ukiwatukana hao umetukana nusu ya nchi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Tena jueni hili: benki za damu nchini hutegemea sana wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa damu hupungua. Haiwekwi ghalani kama mahindi. Chembe nyekundu hudumu wiki tano au sita tu. Mvulana aliyetoa Septemba anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu, msichana baada ya minne, yaani likizo hii hii. Waruhusuni. Na nyinyi mwende nao, maana wengi wenu mna afya kuliko wao.

Kidato cha pili nao, katika kazi za mradi za mtaala mpya ulioanza 2020, walizibua mfereji wa sokoni ambao sisi wakubwa tumeuruka miaka yote tukishika pua. Asante kwa mama mmoja muuza nyanya aliyewapa maji ya kunywa. Wengine walisimama kutazama.

Sasa nije kwa lililonikera. Siku ile ya damu, mzazi mmoja aliingia getini bila kusalimia mtu, akamvuta binti yake kutoka kwenye foleni mbele ya wageni, akipiga kelele kwamba shule inauza damu ya watoto. Hakuna anayelipwa wala anayeuza, na barua ya kuomba ridhaa yenu ilitumwa mapema. Yule binti alilia hadi jioni, na kilichomliza ni aibu. Ukiwa na shaka, ofisi yangu iko wazi. Njoo uniulize mimi. Kumdhalilisha mtoto aliyekuwa akitenda wema sitakuvumilia tena katika uwanja huu, uwe nani.

Kuhusu utoro, wanaokosa shule siku za soko nawafahamu, na kazi wanayotumwa naifahamu pia. Mnawabebesha sukari na mafuta kwa baiskeli kupitia njia za panya za mpakani, kisha mtoto akikamatwa mnakuja kwangu kuomba barua ya kusema ni mwanafunzi mwema. Barua hiyo siandiki tena. Mwanafunzi atakayekosa siku za soko mfululizo muhula ujao atarudi darasani akiwa na mzazi wake, si na shangazi wa kukodi.

Karo. Wapo wenye deni tangu muhula wa kwanza, na baadhi yao niliwaona kwenye sherehe wakitunza wanamuziki. Sitaki kuyasema zaidi hayo. Walimu wasiolipwa na serikali wanangoja mishahara, na aliyetuletea maharagwe anatupigia simu kila asubuhi. Lipeni benki, mlete slipu. Pesa taslimu hatupokei. Asiyeweza kulipa yote aje tupange, ila aje mwenyewe. Kumtuma mtoto asimame mlangoni kwangu akieleza shida zenu ni kumwonea.

Kila mwanafunzi arudi na rimu ya karatasi na ufagio. Nywele fupi.

Wenu,
Mwalimu Mkuu