Vyuo vyetu vituambie wahitimu wanaweza nini

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa mahafali ukifika hapa Zanzibar husomewa idadi: wahitimu wangapi, wanawake wangapi, shahada ngapi, stashahada ngapi. Wazee hupiga vigelegele, na wana haki, maana wapo waliouza ng'ombe ili mtoto avae joho. Lakini sijapata kusikia katika hotuba hizo chuo kikieleza wahitimu wake wanaweza kufanya nini ambacho walipoingia hawakukiweza, na kimelijuaje hilo. Nilikuwa mwalimu mkuu wa skuli ya sekondari Pemba kwa miaka mingi. Vijana hawa nimewapokea kwanza wakija kwa mazoezi ya kufundisha, kisha wakiletwa kama walimu walioajiriwa, ndiyo maana naomba nafasi niliseme.

Si kwamba malengo hayajaandikwa. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inataka kila programu itaje matokeo ya ujifunzaji, na ukifungua muhtasari wa kozi yoyote utakuta "mwisho wa kozi mwanafunzi ataweza", kisha yanafuata maneno mazuri: kuchambua, kubuni, kutathmini. Sasa chukua karatasi ya mtihani wa kozi hiyo hiyo. Utakuta "taja", "orodhesha", "eleza faida tano". Muhtasari unasema mwalimu wa kemia ataweza kuandaa na kuongoza jaribio la maabara. Mtihani unamuuliza hatua za kuandaa jaribio. Kijana aliyekariri madesa anapata A. Anafika skuli, anakuta maabara ndogo, bureti chache, wanafunzi wamejaa mpaka mlangoni, na hajui aanzie wapi. Anarudi ubaoni kuwaandikisha notisi. Simlaumu hata kidogo. Alipimwa kwa notisi, akajifunza notisi.

Mazoezi ya kufundisha yenyewe, ambayo ndiyo mahali pa kuliona hili kwa macho, tunayapoteza. Mkaguzi kutoka chuoni anavuka bahari, anaangalia kipindi kimoja chenye andalio la somo lililopigwa pasi kwa ajili yake, anajaza alama, anawahi boti. Mwalimu mkuu na mwalimu wa somo, waliokuwa na kijana huyo wiki zote, wanajaza fomu. Fomu hizo nimezijaza kwa uaminifu, nikaandika nani anaweza kulimudu darasa na nani bado hajalielewa somo analotaka kulifundisha. Sijawahi kupata jibu kutoka chuo chochote, wala swali.

Mkulima wa Pemba akipeleka karafuu kituo cha ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, huziona zikikaguliwa mbele yake, ukavu wake na makonyo yake, na daraja analopewa anajua limetokana na nini. Mzazi anayeonyeshwa GPA ya 3.5, yaani daraja la pili la juu, hana njia ya kujua limetokana na nini. Wala Serikali inayolipa haina. Tuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar tangu sheria ya mwaka 2011, na fedha zake ni za umma. Kijana anabaki na deni ama alijifunza ama hakujifunza.

Wapo wanaosema basi tutunge mtihani mmoja kwa wahitimu wote, tupange vyuo kwa alama. Hapo siungi mkono. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, lilijaribu kitu cha namna hiyo kati ya 2008 na 2013 kwa nchi 17, Misri ikiwemo, na mpango haukuendelea kuwa mtihani wa kudumu. Muuguzi, mhasibu na mwalimu wa Kiarabu hawapimwi kwa karatasi moja. Tena skuli zetu zimeshatufundisha: alama zikitumiwa kupanga na kuadhibu, watu hujifunza kutengeneza alama.

Wahadhiri nao wasibebeshwe mzigo huu peke yao. Mwenye darasa la mamia hawezi kutunga swali linalomlazimu kusoma kurasa kumi za kila mwanafunzi. Anayepokea wanafunzi wengi bila kuajiri wahadhiri ndiye wa kuulizwa kwanza. Na ile dodoso ya mwisho wa muhula, ambayo wanafunzi hujaza kama mhadhiri aliwahi darasani, ina faida yake, ila inapima uwahi wa mhadhiri. Haipimi alichojifunza mwanafunzi.

Ninachokiomba kinawezekana. Kila programu ichague malengo yake machache yaliyo makubwa. Ikusanye kazi halisi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho: somo lililorikodiwa, ripoti ya mradi, hesabu za duka la kweli. Zisomwe na wahadhiri ambao hawakuwafundisha vijana hao, pamoja na mtu wa kazi yenyewe kutoka nje, awe mwalimu mkuu, muuguzi wa wodi au meneja wa hoteli. Kisha chuo kitangaze kilichoonekana, kibaya na kizuri, na kitakachobadilishwa mwaka unaofuata. Watahini wa nje tayari huandika ripoti. Muhtasari wake utolewe hadharani bila majina ya wanafunzi.

Tuanze na ualimu. Mwalimu mmoja asiyejua kusomesha anapitiwa na watoto wa vijiji vingi kabla hajastaafu, na baadhi yao ndio watakaoingia chuo hicho hicho.

Bajeti ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali itakaposomwa, nawaomba wawakilishi wetu wa Pemba waulize wahitimu wanaweza nini kabla ya kuuliza ni wangapi. Na fomu za walimu wakuu zianze kujibiwa muhula huu. Hilo halihitaji bajeti.

Mwalimu mkuu mstaafu,
Wete, Pemba