Viziwi wa India wanadai haki, sisi tunawapigia makofi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe langu la moyoni. Kila Septemba, wiki ya viziwi inapofika, vyombo vyetu vya habari hutafuta simulizi za viziwi “waliofanikiwa licha ya ulemavu wao”, na nyingi huokotwa India, maana huko hazikosekani. Nazisoma zote. Ninachokikosa ndani yake ni ugomvi. Tunaonyeshwa medali, joho na tabasamu, lakini hatuambiwi mhusika alikuwa akidai nini siku alipopigwa picha ile.

Mchukue Sarah Sunny, wakili kiziwi mzaliwa wa Kerala anayefanya kazi Bengaluru. Habari iliyosambaa mwaka 2023 ilikuwa kwamba ametetea hoja mbele ya Mahakama ya Juu ya India akitumia lugha ya alama, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ni kweli. Lakini kesi ilisikilizwa kwa video, na mkalimani wake, Saurav Roychowdhury, alihitaji kuonekana kwenye skrini. Wahusika wa mitambo walisita kumwacha muda wote. Walitaka awashe kamera zamu ya Sarah ikifika, kisha azime. Wakili mwenzake, Sanchita Ain, akapigania aachwe, ili Sarah afuatilie na kesi za wengine kama wakili yeyote anayesubiri zamu yake. Jaji Mkuu wa wakati huo, D.Y. Chandrachud, akasema hakuna tatizo, mkalimani aingie. Mwezi uliofuata mahakama yenyewe ikamteulia Sarah mkalimani.

Kabla ya hapo, katika mahakama ya chini mjini Bengaluru, alinyimwa ruhusa ya kutumia mkalimani kwa hoja kwamba mkalimani hana ujuzi wa sheria. Ikabidi awasilishe hoja zake kwa maandishi. Hebu fikiria: shahada ya sheria anayo, leseni anayo, kesi ameiandaa, halafu anapitisha karatasi mezani kama mwanafunzi aliyepoteza sauti siku ya mtihani. Nani alikuwa na upungufu pale? Hakimu akiletewa shahidi anayesema Kitamil tu, hamfukuzi mkalimani kwa kuwa hajasomea sheria.

Halafu kuna Virender Singh, mwanamieleka wa kijiji cha Sasroli, jimbo la Haryana. Huyu ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu. Viziwi hawana nafasi yao katika michezo ya Paralimpiki. Wana michezo yao ya dunia iliyoanza Paris mwaka 1924, na ukiingia uwanjani unavua kifaa cha kusaidia kusikia, uwe umezoea kukivaa au la. Virender alichukua dhahabu Melbourne mwaka 2005, akarudia Sofia 2013, kisha Samsun 2017. Na nyumbani kwao amejipatia riziki kwenye dangal, ile mieleka ya vijijini inayopigwa kwenye udongo, akikabiliana na wanaume wanaosikia vizuri kabisa.

Novemba 2021 Rais wa India alimvisha nishani ya Padma Shri, mojawapo ya heshima kubwa za raia nchini humo. Siku iliyofuata Virender alikuwa ameketi kando ya barabara nje ya Haryana Bhawan, jengo la serikali ya jimbo lake mjini Delhi, nishani zake akiwa nazo. Alimwambia waziri kiongozi wa jimbo kupitia mtandao kwamba haondoki hapo mpaka wanamichezo viziwi wahesabiwe sawa na wa Paralimpiki. Alikuwa akizungumzia zawadi za fedha na ajira, yaani ugali wa kesho. Medali ya kiziwi ilithaminiwa chini ya medali ya mlemavu mwingine, ingawa wote wameiwakilisha bendera ileile.

Picha ya ikulu imeenea kuliko ile ya kando ya barabara. Mimi ningechapisha zote mbili ukurasa mmoja.

Sisemi kila kiziwi aliyefika juu alifika kwa kugombana. Diksha Dagar, mcheza gofu, ana dhahabu ya michezo ya viziwi ya Brazil ya mwaka 2022 na alicheza pia Olimpiki ya Tokyo, ambako wenzake wengi walisikia. Hongera yake, na ya baba yake, afisa wa jeshi aliyembebea mikoba ya vyuma vya gofu uwanjani. Ila tusimtoe kama mfano kwa mtoto wa mkulima wa Bihar na kumwambia ajitahidi tu. Vyuma vya gofu havinunuliwi kwa juhudi.

Anayesahaulika zaidi ni Madan Vasishta. Alikuwa mvulana wa kijijini, katika eneo ambalo leo ni Himachal Pradesh, alipoumwa na kupoteza usikivu akiwa na miaka 11. Alilima na kuchunga ng'ombe, akakutana na viziwi wenzake Delhi, na mwaka 1967 akaenda Marekani kusoma chuo cha viziwi cha Gallaudet, ambako baadaye alifundisha. Miaka ya 1970 alirudi India na wenzake watafiti, wakakusanya alama zinazotumiwa na viziwi wa Delhi, Mumbai, Kolkata na Bengaluru. Wakati huo walimu wengi walizichukulia kama kupunga mikono tu, tena shuleni watoto walizuiwa kuzitumia ili wajifunze kusoma midomo. Utafiti ule ulionyesha kwamba hiyo ni lugha, ina msamiati na sarufi yake. Serikali ilianzisha kituo cha taifa cha lugha ya alama mwaka 2015, na kamusi yake ilifikia maneno 10,000 mwaka 2021. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi imepita katikati. Watoto waliopita shuleni katika miaka hiyo ni watu wazima sasa, na ndio unaowakuta wakiandika kikaratasi dirishani benki.

Aprili 2024 Sarah Sunny alisikilizwa na Mahakama Kuu ya Karnataka, katika jimbo lilelile alikonyimwa mkalimani, safari hii mkalimani akiwa pembeni yake. Habari hiyo sikuiona katika gazeti lolote la Kiswahili.

Ombi langu ni dogo, Mhariri. Mkiandika tena kuhusu kiziwi aliyefanikiwa, wa India au wa hapa kwetu, mtafutieni mkalimani mwandishi wenu aongee naye mwenyewe badala ya kumhoji mama yake au kocha wake. Na katika maswali msisahau hili: ni nani aliyekukatalia, na kwa sababu gani?

Msomaji wenu,
Morogoro