Fosforasi haiufuati mzizi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na hasira yako imenichekesha: mbolea umeweka, majani ya chini ya mahindi bado yanageuka zambarau, sasa unadai umeuziwa mchanga. Huenda hukuibiwa. Fosforasi, kirutubisho ambacho mmea ukikikosa hugeuka zambarau, ipo, ila haitembei.

Nitrati, yaani naitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, huja yenyewe na maji yanayovutwa na mmea. Fosforasi iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo ni kidogo mno, na husogea polepole sana. Mzizi ukishamaliza iliyo karibu, unabaki umezungukwa na ukanda mtupu wa milimita moja au mbili, na nyingine imejaa hapo jirani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: mzizi hauna budi kurefuka, kutoa matawi na vinyweleo, uifuate. Hata ukiifikia, kuiingiza ni kazi, kwa sababu ndani ya seli imeshajaa kuliko nje, mara elfu na zaidi. Mmea huivuta kwa nguvu, kama mtu apandishaye maji mlimani.

Mimi wanaonifurahisha ni kuvu wa mikoriza. Wanaishi kwenye mizizi ya mimea mingi ya nchi kavu, wanatandaza nyuzi nyembamba kuliko vinyweleo hadi sentimita kadhaa nje ya ule ukanda mtupu, kisha wanaleta fosforasi na kulipwa sukari. Kabichi na jamaa zake hawana ushirika huo. Sijui wanaringia nini. Lupini nyeupe, mmea wa jamii ya kunde, nayo hutema asidi ya sitriki, ikaibandua fosforasi iliyong'ang'aniwa na chuma na alumini.

Hapo ndipo ninapokuuliza: pH ya udongo wako, yaani kipimo cha uchachu wake, ni ngapi? Ikiwa chini ya 5.5, chuma na alumini huidaka mbolea kabla mzizi haujafika. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi, kalsiamu hufanya vivyo hivyo. Kati ya 6 na 7 ndiyo afadhali. Pima kabla hujanunua mfuko mwingine. Na msimu ujao usiimwage juu juu. Ifukie kwenye mstari, karibu na mbegu bila kuigusa.

Kingine: siku zile palikuwa na baridi? Udongo ukipoa mizizi huzubaa, na mche hugeuka zambarau hata fosforasi ikiwapo. Yatazame majani mapya, kisha uniandikie.

Wako,
rafikiyo